Mama Alipokuwa Ulaya

Juzi mjukuu wangu Hamisi alinipigia simu kutoka Landani. Shikamoo bibi, marahaba, kisha akasema chakula cha usiku atakula huko, cha mchana kesho yake atakula kwangu. Nikamwitikia vizuri. Simu ilipokatika nikabaki nimeishika, maana mwenzangu, mambo ya mwendo wa ndege mimi nilifundishwa tangu mdogo, nikayaamini.

Nililelewa Bagamoyo na bibi mzaa baba, Bi Mwanaidi. Mama yangu, Zainabu, alipoachwa na baba aliondoka, nami hata meno ya utoto sijang'oka. Bibi akaniambia Wazungu wamemchukua akawalelee watoto, amepanda ndege Dar es Salaam, yuko Ulaya. Jirani yetu mmoja, mpishi wa Wazungu, ndiye aliyenitajia njia: mchana na usiku wake hewani, inatua Nairobi, inatua Khartumu, inatua Kairo, ndipo Landani. Nikaihifadhi kama sura ya chuoni.

Basi tukianika mbata uani, ndege ikipita, mimi na wenzangu wa mtaani, Mwajabu na Tatu, tunaacha kazi, tunaipigia kelele imsalimie mama. Harufu ile ya nazi na jua bado ninayo puani. Siku moja nikamuuliza bibi, kama mwendo ni siku moja tu, mbona mama harudi? Akasema kwenda ndege husukumwa na upepo, kurudi hupingana nao.

Mwaka mmoja nikapelekwa Dar kwa shangazi, kwa lori la mbata. Pale Kerege, njiani, rejeta ikachemka. Dereva akanipa kopo nikaombe maji nyumba ya karibu. Nikapiga hodi uani. Mwanamke alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, mtoto mchanga mgongoni. Akainua uso, mkono ukasimama.

"Rukia," akasema polepole.

"Mama, umerudi lini?"

"Kutoka wapi?"

Ndani mwanamume akakohoa. Mama akanijazia kopo upesi, akanifuta vumbi usoni kwa pindo la khanga, akaninong'oneza nisiseme kokote kuwa nimemwona. Mumewe hakujua kama aliwahi kuzaa.

Niliporudi nikamwambia bibi yote. Hakuacha kupeta mchele.

"Ningekwambia Kerege, ungekwenda kwa miguu, mama yako akaachika tena. Ulaya usingekwenda."

Kumbe mtaa mzima ulijua. Mwajabu naye, tulipokwisha kuwa wakubwa, alinambia alijua. Aliagizwa na mama yake apige kelele pamoja nami.

Uani pale leo pana nyumba ya wageni, mbata haianikwi tena. Bibi amekwenda, mpishi amekwenda, Tatu na Mwajabu wamekwenda, hakuna aliyebaki wa kuniomba radhi. Mama alifariki mimi nina watoto wanne. Nikaenda Kerege. Wanawe wakanipokea kwa heshima, wakanikalisha jamvini, wakaniletea kahawa. Kisha binti yake mkubwa akaniinamia.

"Samahani dada," akasema, "marehemu alikuwa nani wako?"