Kipara cha Duara la Kati

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande ungali mzito, Casimira Zurita amepiga magoti katikati ya uwanja wa klabu ya Deportivo Molino mjini Punata. Mkononi ana rula. Anailaza juu ya udongo mtupu, anainama hadi ukingo wa kofia yake unagusa nyasi, anasoma namba, kisha anaisoma tena kama mtu asiyeamini mizani ya sokoni.

"Kumi na moja," anasema. "Jana ilikuwa kumi na moja na nusu."

Ni sentimita hizo, upana wa kipara kilichobaki kwenye duara la kati, pale pale mpira unapoanzia. Mwezi Novemba kilikuwa mita moja na nusu. Kisipoziba kufikia Machi ishirini, siku klabu na chuo kikuu vitakapotia saini upya mkataba wao, mama huyu wa miaka hamsini na saba atakabidhi ufunguo wa geti kwa mtu mwenye diploma.

Yeye diploma hana. Shule aliiacha darasa la tatu. Uwanja ameutunza miaka ishirini na miwili, tangu baba yake alipoumwa mgongo na kumwachia mashine ya kukatia nyasi na neno moja: usichelewe.

"Naandika jina langu na ninajua namba," anasema, huku akijifuta magoti. "Kiwanja ni namba tu. Mita tisa na kidogo kutoka katikati hadi mstari wa duara. Kuna mtu ana diploma na hajui hilo."

Mkataba ulitiwa saini Machi mwaka jana. Wanafunzi wa tiba wanawakanda wachezaji, wa kilimo wanapima nyasi, na klabu nayo inawaachia vijana wa chuo uwanja kila Jumanne na Alhamisi. Wengi mjini waliona ni jambo jema. Kabla ya hapo mchezaji akiteguka alipakwa mafuta ya nyoka na kuambiwa mama yake anamtazama.

Ila ndani ya karatasi zile palikuwa na kifungu kidogo: baada ya mwaka mmoja, chuo kitaishauri klabu kama mtunza uwanja abaki au atafutwe mtaalamu. Doña Casimira, kama wanavyomwita mjini kwa heshima, alisomewa kifungu hicho mara mbili. Mara ya kwanza alidhani hakusikia vizuri.

Nyasi yenyewe inaitwa kikuyo. Hadi mwaka jana alidhani Kikuyo ni Mjapani fulani aliyeileta. Mhadhiri wa kilimo, Noemí Terrazas, ndiye aliyemfungulia ramani na kumwonyesha Kenya, akamwambia nyasi hii ilitoka huko, na jina ni la watu wa huko.

"Nikamwambia, Inge, kumbe na yenyewe ni mgeni hapa kazini kama wewe," anasema. Inge ndivyo wanavyowaita wataalamu wa kilimo katika bonde hili, na Noemí, mtu wa Punata mwenyewe, hajali kuitwa hivyo.

Wakati wa baridi nyasi yote hukauka, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu. Oktoba mvua zikaanza, uwanja ukawa kijani kutoka kona hadi kona, isipokuwa katikati. Pale palibaki peupe, pakavu, duara ndani ya duara.

Timu za wageni hazikunyamaza. Rais wa klabu, don Wálter Claros, mwenye duka la matairi, hana hata unywele mmoja kichwani. Basi kila Jumapili sauti ilipanda kutoka jukwaani: "Don Wálter, lete kofia, uwanja wako unaungua na jua."

Chuo kilituma wanafunzi. Wakashuku ukungu, wakashuku minyoo, mmoja akaandika kuwa huenda ni visigino vya waamuzi. Mwishowe Inge akaleta bomba la chuma, akalizamisha hadi urefu wa mkono, akatoa udongo na kuumwaga kwenye karatasi nyeupe. Ndani mlikuwa na majivu, vipande vya sukari ngumu iliyoyeyuka nusu, na chembechembe za karatasi za rangi.

Kikao kiliitwa ofisini kwa klabu. Inge alikuwa hajafungua mdomo, doña Casimira akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Msihangaike na ukungu."

Akaeleza. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi anamtambikia Pachamama, Mama Ardhi, kama watu wote wa bonde hili: makaa kwenye chungu, majani ya kufukiza, peremende za sukari, karatasi za rangi, mafuta ya lama, halafu pombe ya mahindi inamwagwa chini. Miaka yote alifanya hivyo nyuma ya goli la kaskazini, juu ya jiwe la baba yake, na nyasi haikudhurika.

"Ilipokuja ndoa hii na chuo nikajiuliza, sasa si tumekuwa wawili? Nikitambikia kaskazini, klabu inapata, chuo kinakosa. Harusi haifanywi upande wa bwana harusi peke yake. Nikahamia katikati. Na kwa kuwa mko wawili, nikaongeza makaa, na ndoo nikafanya mbili."

Don Wálter aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo, mama, umetuunguzia ndoa kwa kuibariki?"

"Ndivyo inavyoonekana, don Wálter. Lakini kipara chako sikukigusa, hicho kilikuja chenyewe."

Wajumbe walicheka, ila Inge hakucheka. Alikuwa amesogeza karatasi karibu na dirisha, anatenganisha zile chembe kwa ncha ya kalamu, njano huku, bluu kule.

"Doña Casi, wewe unarusha karatasi za rangi gani?"

"Njano. Rangi ya klabu. Nirushe nyingine ya nini?"

Inge akaweka kalamu chini. "Basi hizi za bluu ni zetu."

Mwezi wa tano yeye na wanafunzi wake walifukia kifaa cha kupima unyevu katikati ya uwanja. Kitu kipya hapa hakianzi kazi kikiwa kikavu, kiwe cha mtu wa chuo au cha muuza viazi. Wakakirushia karatasi za rangi ya chuo na kukimwagia spiriti ya miwa, ile kali ya kuwashia moto. Wakarudia kila walipobadilisha betri, yaani kila mwezi.

"Nimesomea udongo miaka tisa," aliwaambia wajumbe, "na nimeumwagia spiriti mara sita. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Tulifikiria kifaa."

Doña Casimira akamgeukia. "Na kifaa kinafanya kazi?"

"Hakijawahi kuharibika."

"Unaona basi."

Don Wálter alitaka suala limalizwe siku hiyo hiyo, ufunguo urudishwe. Inge akakataa kuandika ushauri huo. Akaandika kwamba kosa ni la pande mbili, na aliyejua kurekebisha ni mmoja. Ndipo ikapatikana tarehe ya Machi ishirini: kipara kikifungwa, mama abaki, kisipofungwa, chuo hakitakuwa na la kusema.

Kesho yake doña Casimira alichimba. Alitoa udongo hadi kiwiko, akajaza mwingine uliochanganywa na samadi ya kondoo, kisha akakata vikonyo vya kikuyo kutoka mahali penye nyasi nene kuliko pote uwanjani, kando ya jiwe la baba yake. Miaka ishirini na miwili ya majivu na pombe, na nyasi ya hapo inafika magotini asipoikata. Inge amechukua udongo wa pale mara tatu. Bado hajasema kwa nini nyasi ya hapo haiungui.

"Nimwulize leo?" anasema doña Casimira. "Nitamwuliza baada ya Machi. Asije akanifanya nami nianze kufikiri."

Anapokea boliviano elfu mbili na mia sita kwa mwezi na anaishi na dada yake, Eulalia, anayekaanga maandazi ya jibini mbele ya geti siku za mechi. Eulalia hana subira na rula. "Nyasi haioti kwa kutazamwa, Casi," anampigia kelele kutoka getini. "Ingekuwa hivyo mume wangu angerudi zamani."

Kwa nusu sentimita kwa siku, hesabu inatosha na siku kadhaa zinabaki. Kinachomnyima raha ni kitu kingine. Jumanne ijayo ni ya Kanivali, sikukuu ya kabla ya Kwaresima, siku ambayo bonde zima linatambikia kila lilicho nacho: nyumba, lori, duka, cherehani. Na kila mwaka, mchana, mji wote unaingia uwanjani na ndoo za pombe.

Amejipanga. Mtungi mkubwa wa udongo utawekwa nje ya mstari wa goli, karibu na lile jiwe, kila mtu amimine humo. Yeye mwenyewe atakaa katikati ya duara kwenye kigoda, kuanzia asubuhi hadi jua lizame. Inge ameahidi kukaa naye, mgongo kwa mgongo, ili pasiwe na upande usiotazamwa.

Na wakija wakubwa? Mkuu wa chuo anakuja mwaka huu, ametuma taarifa kwamba analeta pombe yake mwenyewe.

"Alete," anasema doña Casimira, akiirudisha rula mfukoni mwa aproni. "Rais, mkuu wa chuo, padre, sichagui. Atakayekanyaga duara langu na kata mkononi, atainywa yote hapo hapo, tone lisianguke. Halafu nitamshika mkono, nimtoe nje ya mstari, ili asije akaanguka juu ya nyasi."