Nilisugua plake ya gari sawa sufuria

Leo wivu itaniua, ba rafiki.

Jana nilisugua plake ya gari yangu, ile ya nimero, na muchanga ya volkano, vile tunasuguaka sufuria, juu leo ni kontrole ya magari.
Ikang'aa!

Jirani yangu Papa Jolie, plake yake ilijaa matope ya barabara ya Munigi, imefungwa na waya. Nikamucheka.

Kule kwa kontrole, mukaguzi akapangusa ile matope na kitambaa.
"Nimero inasomeka, papa. Pita."

Akafika kwangu. Kumbe muchanga iliondoa rangi ya nimero yote.
"Mama, umeleta gari ao sufuria?"

Gari yangu imezuiwa, imebaki kule. Naandika ndani ya gari ya Papa Jolie. Ananirudisha nyumbani, anaimba.

Na kiti yake ni laini kuliko yangu!

Ninyi mungeshuka?