Maji Yaliyokula Klorini

Kaka yangu mkubwa, mfanyabiashara wa Butembo, alimnunulia mama yetu jakuzi: beseni kubwa la maji ya moto yenye mapovu, kwa ajili ya magoti yake. Siku hizo mama hakufika kanisani bila kupumzika mara nne njiani. Mimi wakati wa Ebola nilifanya kazi ya kuchanganya klorini huko Mangina, kwa hiyo nilikabidhiwa maji. Nilijigamba kwamba dawa hiyo ningeipima hata nikiwa nimefumba macho.

Jioni nilitia klorini, kikaratasi cha kupimia kikageuka zambarau. Asubuhi kilibaki cheupe. Niliongeza maradufu, ikaisha vilevile. Nilishuku tangi la juu ya paa, nikalisugua. Nilishuku utelezi ndani ya mabomba, nikapitisha dawa kali, nikamwaga maji yote, nikajaza upya. Kesho yake, cheupe. Mbio za sakafuni. Mama alikaa kando kwenye kiti cha plastiki, magoti yamevimba, akisema ataingia maji yakiwa tayari.

"Dokta wa klore, maji inakushinda?" kaka aliuliza. Nilimchukia siku nzima.

Wiki ya tatu nilifungua chujio nikakuta nyuzi za kijani. Nilizinusa: mchaichai. Katika nyumba ile mtu wa kuchemsha mchaichai ni mmoja tu. Kila asubuhi kabla sijafika, mama alikuwa akimimina birika zima humo, na klorini yangu ilikuwa ikiishia kwenye majani yake.

"Mama, ni wewe?"

Hakukana. "Hapana kasirika, mwana wangu. Ile harufu siiwezi. Siku bale batu ba Ebola balikuya kuzika baba yako, balipuliza dawa ku sanduku, ku manguo, mpaka ku kitanda yetu. Niko nayo mu pua mpaka leo. Lakini kaka yako alijisumbua sana, nitamuambia nini? Nilitaka tu inuke muzuri kidogo, niingie."

Nikamwuliza: na mimi je, niliyekuwa nikirudi kwake kila jioni, miezi mizima baada ya mazishi, nikinuka dawa hiyohiyo?

"Ndiyo maana nilikuwa nakuwekea chakula inje," alisema. "Ningekukaribia ningelia, na wewe ulikuwa na njaa."

Mimi nilidhani aliogopa nisije nikamletea ugonjwa. Sahani ile ya nje nilikuwa nimemwekea kinyongo miaka yote hiyo. Niliona aibu.

Nilimwaga maji. Nilisuuza beseni kwa maji matupu mpaka harufu ikaisha, nikajaza maji safi ya moto, ya kuogwa mara moja na kumwagwa, bila dawa yoyote. Kisha nikanawa mikono kwa sabuni, nikainusa, nikanawa tena, ndipo nikampa mkono aingie.