Siku Nilipoandika "Nimeona"

Jamani, aibu hii nilitaka kuzikwa nayo, lakini kila nikipita mbele ya ukumbi wa parokia hapa kambini Nakivale lazima mtu aniulize kama leo mawingu yapo, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wanaotia chumvi.

Kazi yangu mnaijua (wale wanaonikuta nimekodolea kioo cha kompyuta mdomo wazi hudhani nasinzia, na mara nyingine hawakosei). Kuna mfumo wa kompyuta unaotolewa bure, unatunzwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na mimi Déo, mkimbizi wa Burundi mwenye mashati mawili ya maana, ndiye ninayepanga lini matoleo mapya ya draiva za picha yatoke. Draiva ni kale kaprogramu kanakoiwezesha kompyuta kuonyesha picha. Kakikosewa, picha inavurugika. Ndiyo maana tuna utaratibu wetu: kila aina ya kadi ya picha ina mlinzi wake, naye hulijaribu toleo jipya kwenye mashine yenyewe, anakaa anatazama, halafu anaandika neno moja tu, "nimeona". Walinzi wote wakishaandika, mimi nabonyeza, toleo linakwenda kwa kila mtu. Na ile kadi kuukuu kuliko zote, mlinzi wake ni nani? Ni mimi huyu huyu. Imo ndani ya kompyuta ya ukumbi wa parokia.

Ijumaa moja nilikuwa mjini Mbarara, nimefuata mtandao wenye nguvu kwa rafiki yangu Asaph, mwanajeshi mstaafu wa kambi ya jeshi ya Makenke mwenye duka la intaneti upande wa Kamukuzi. Walinzi wote walikuwa wameshaandika, imebaki kadi yangu kuukuu. Kilichotakiwa ni nirudi Nakivale, niijaribu, nibonyeze Jumatatu. Lakini mvua ilikuwa imekatika muda huo huo, ukungu umelala juu ya mto Rwizi mpaka kilima cha Nyamitanga kikawa kama kinaelea, nami nikaanza kuelea nayo, nikaziona kompyuta za watu nisiowajua zikiamka mojamoja, Brazili, Japani, vioo vinang'aa, na yote hayo kwa kidole changu.

"Wewe nangoja nini?" Asaph akanishtua. "Kama kazi nakwisha, funga hiyo kitu, twende kula."

"Nangoja mtu mmoja ajibu," nikasema. (Mtu mwenyewe ni mimi, lakini hilo sikumwambia.)

Basi nikaandika "nimeona". Nikabonyeza. Tukaenda kula matoke, na yalikuwa matamu kweli.

Sasa mjue kwamba Jumamosi yake, saa kumi alasiri, Ange alikuwa anafunga ndoa kanisani huko Uswidi. Ange ni binti wa jirani yangu Mama Spès, fundi cherehani, na hawajaonana tangu Ange achukuliwe na mpango wa kuwahamisha wakimbizi kwenda kuishi huko. Gauni la harusi Mama Spès alilikata na kulishona mwenyewe kwa vipimo vya kutumiwa kwenye simu, likabebwa na msafiri, na kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, kuliona likitembea na mtoto wake ndani. Mimi ndiye niliyemwahidi kuirusha harusi ile moja kwa moja ukumbini. Nilimwambia atamwona Ange mkubwa kama ukuta.

Nilipofika ukumbini, kompyuta ilikuwa imeshajichukulia draiva yangu mpya, maana nilikuwa nimeipanga hivyo kila Jumamosi asubuhi. Nikaiwasha upya ili hiyo draiva ianze kazi (ningeiacha ilivyo, pengine leo tungekuwa tunazungumza mengine). Tukaziba madirisha kwa mablanketi, tukatundika shuka jeupe, projekta ikawaka, watu wamejaa mpaka mlangoni.

Kwenye shuka yakatokea mawingu. Kijani, zambarau, na weupe kidogo katikati, yanasogea polepole kama ukungu wa ziwani alfajiri, hakuna kilichokuwa na sura. Sauti ilikuwa safi kabisa: kwaya, kengele, viatu vya watu sakafuni. Niseme ukweli, kwa muda nilisimama pale nikayaona mazuri, nikasahau niko wapi.

"Déo," Mama Spès akaita, "mutoto wangu iko fasi gani pale?"

"Hapo katikati, Mama, huo weupe."

Akainuka na kitenge chake kipya, akaupungia weupe ule mikono yote miwili, akaurushia busu, na weupe ukakohoa kwa sauti ya mzee. Alikuwa padri. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Si umupe simu aangalie!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Simu ndiyo iliyokuwa inaipa kompyuta mtandao, na kuihamishia ile harusi lilikuwa jambo dogo. Lakini mbele ya watu wote wale, mimi fundi wa dunia nzima, nishindwe? "Subirini kidogo," nikasema, "nairudisha draiva ya zamani," na mtandao wetu mnaujua, ikawa inashuka tone kwa tone, huku Ange akisema "ndiyo" na watu wakiyapigia makofi mawingu. Nilipokubali kushindwa na kuifungua simu, walikuwa wameshatoka kanisani. Tuliona mlango wa gari, na pindo jeupe likivutwa ndani.

Watu waliondoka wakiniita Mawingu. Mama Spès alibaki kunisaidia kukunja mablanketi.

"Wewe ulikuwa karibu na ile mashine," akasema taratibu. "Mikono ya gauni ilimukaa muzuri?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la jana, jepesi, na lingemfurahisha.

"Sikuona, Mama. Hata jana sikuona. Niliandika tu."

Akanitazama, akaendelea kukunja. Niliona haya kuliko wakati wote wa vile vicheko. Jioni ile nililiondoa toleo na kuwaandikia wenzangu wote kwamba mlinzi wa kadi kuukuu hakuitazama, na mlinzi ni mimi. Picha za Ange zilikuja kesho yake, nzuri, lakini katika zote amesimama wima ameshika maua, na Mama Spès anasema gauni lisilotembea halimwambii kitu.

Siku hizi wenzangu wananilalamikia kwamba nachelewa. Wacha walalamike. Kila toleo narudi nalo Nakivale, naziba madirisha, naweka video ya harusi yoyote ile, na Mama Spès huja na kigoda chake akaketi kando yangu mpaka bibi harusi wa watu apite na kupotea.

"Huyu mikono walimukatia vibaya," alisema juzi. "Lakini anaonekana. Andika."