Neno Lililomo Ndani ya Kitenzi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale mahakama ya Shinyanga, Karani Mkuu alinisimamisha kando ya kizimba akaniambia, "Mkalimani hana maoni. Neno kwa neno, basi."

Niliamini. Nilikuwa kijana, na lugha zilinipendeza. Wenye maduka wa Kihindi walisaini kwa herufi zao, Waarabu waliandika kutoka kulia. Kisukuma chetu kiliandikwa kwa herufi za Kizungu, zisizoonyesha sauti inapanda wapi na kushuka wapi, ingawa kwetu sauti hiyo hubadili maana.

Baadaye nikahamishiwa Geita. Huko alishtakiwa Masanja, mchimbaji wa mgodini. Mnyapara wake alikutwa amepasuliwa kichwa, wala hakumkumbuka aliyempiga. Bwana Hakimu akauliza kama Masanja amewahi kumpiga mtu huyo.

Masanja akajibu kwa Kisukuma. Lugha yetu ina nyakati zilizopita zaidi ya moja: tendo la leo lina umbo lake, la zamani lina lake. Yeye alitumia la zamani. Yeye na mnyapara walikua pamoja, wakipigana machungani.

Nikatafsiri, "Nilimpiga zamani."

Hakimu alijua Kisukuma kidogo. Akainua kalamu. "Ametamka neno 'zamani'?"

"Hapana, Bwana. Limo ndani ya kitenzi."

"Basi umeliongeza. Lifute."

"Bwana, niruhusu nimuulize tena..."

"Kazi yako si kuuliza. Alimpiga, hakumpiga?"

"Alimpiga, Bwana, lakini..."

"Inatosha."

Kiswahili na Kisukuma ni ndugu, lakini "nilimpiga" ya Kiswahili ni ya asubuhi hii na ya utotoni pia. Kwa Kiingereza, alichoandikia Hakimu, ilikuwa vilevile. Masanja alifungwa kifungo cha kazi ngumu. Alifia gerezani, akivunja mawe.

Mkewe, Mama Ngolo, alinijia nyumbani.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia, mama."

"Kwa lugha gani?"



Nilitafsiri miaka mingi baada ya hapo, hadi nikastaafu. Ninyi vijana mnaniuliza kazi ile ilikuwa na faida gani. Sijui. Hakuna kesi niliyoimaliza nikiwa na hakika kwamba mtu alisikiwa.

Mama Ngolo alikuwa jirani yangu mpaka alipofariki. Kiswahili kilimpa taabu sana, alikiokoteza sokoni. Lakini mimi, Msukuma mwenzake, hakunisalimu tena kwa lugha nyingine ila hicho Kiswahili.