Kiatu cha Kushoto

Nakumbuka vizuri asubuhi ile, mwanangu, ingawa siku hizi miwani naitafuta nikiwa nimeivaa. Nilikuwa nesi mpya kwenye wodi ya upasuaji hapa Arusha, sare imenyooshwa, mdomo mwepesi, na Mlima Meru tukiuona dirishani mawingu yakiondoka. Jamani, naikumbuka wodi ile, hata harufu ya dawa ya sakafu!

Tulikuwa na Mzee Eliakimu, mkulima wa Kikwe na mzee wa kanisa. Kidonda cha kisukari kilifanya akatwe mguu wa kushoto, chini ya goti. Mkewe alimletea viatu vyake vya kanisani, vimepigwa kiwi, akaviweka mvunguni visubiri siku ya kurudi nyumbani. Mimi nikaona kile cha kushoto kitamtonesha moyo. Alipopelekwa kubadilishiwa bandeji, nikakitoa, nikakitupa na takataka za kuchomwa. Nikajiona nina huruma kweli kweli. Kumbe!

Aliporudi akachungulia mvunguni. Akakuta kimebaki cha kulia tu. Siku hiyo hakula. Kesho yake akakataa magongo, akageukia ukutani. Mtu asiyekula kidonda chake hakiponi, na tukaanza kuogopa kwamba tutampoteza.

Sista Anaeli, mkuu wetu wa wodi, alipojua nilichofanya akanivuta pembeni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Umemkata mara ya pili, wewe. Daktari alimwomba ruhusa. Wewe ulimwomba nani? Haya, nenda ukamwambie mwenyewe."

Nikaenda kitandani kwake. "Shikamoo baba. Kiatu chako nilikitupa mimi. Nilidhani hukihitaji tena."

"Marahaba." Akageuka kutoka ukutani, akanitazama. "Mimi nilidhani daktari ndiye kaagiza kitupwe, kwamba sitatembea tena. Kumbe ni wewe tu, mtoto!"

Akaomba uji.

Tangu hapo nikawa nauliza kwanza. Baba, leo unataka kukitazama kidonda? Nikushike, au utasimama mwenyewe? Aliposema vidole visivyokuwepo vinamwasha, sikubisha wala sikucheka. Nilimsikiliza, kisha nikamweleza daktari.

Miezi ikapita. Siku moja akaja kliniki na mguu wa bandia, kiatu cha kulia cheusi, cha kushoto cha kahawia. Tulitoka wote kumlaki.

"Sista," akaniambia, "mguu mgeni umekuja na kiatu chake. Hiki usikiguse!"

Nilicheka huku nalia. Alishatangulia mbele ya haki, na Sista Anaeli pia, nami nawakumbuka sana.

Mwanangu, unaanza kazi Jumatatu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usimhurumie mgonjwa mpaka ukamwamulia maisha yake. Muulize, hata jambo la kiatu. Mungu akupe mikono myepesi na ulimi wa kuuliza, na kila utakayemuuguza arudi kwao akitembea, hata kama viatu havifanani.