Mguu wa Mzee Ngumbao na Kliniki Yetu ya Sukari

Siku yangu ya kwanza kazini nilimmwagia bosi mkojo. Naanza na hilo kwa makusudi, maana wauguzi vijana wananijia siku hizi na nyuso za woga, wakidhani sisi wazee tulizaliwa tunaijua kazi.

Ilikuwa katika zahanati moja ya Likoni, na bosi alikuwa Msimamizi wa Zahanati, mtu mrefu, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka linataka kusimama lenyewe. Zama zile sukari tuliipima kwa mkojo. Unatia dawa ya buluu katika kichupa chembamba cha kioo, unadondosha mkojo kidogo, unachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, mgonjwa nenda zako. Ikigeuka kijani, kaa tuzungumze. Ikifika rangi ya tofali, ndugu yangu, chai tamu ndiyo umeiaga. Nilichokuwa sijaambiwa ni kwamba kichupa kile kikichemka huruka, na mdomo wake lazima uelekee ukutani. Mimi niliuelekeza kwa Msimamizi.

Akalitazama koti, kisha akanitazama mimi. "Jumwa," akasema.

"Abee."

"Mgonjwa ana sukari?"

Nikaliangalia lile doa kifuani mwake. "Anayo nyingi, bwana."

"Basi mwite aingie, kisha uniletee sabuni."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Nilimpenda mzee yule, na mpaka leo nikishika kitu cha moto nakielekeza ukutani, hata kikiwa kikombe cha chai.

Kutoka Likoni nilipelekwa Kisauni, chini ya Afisa wa Kliniki ambaye hakujua kusema polepole. Pale wagonjwa wangu wengi walikuwa wakata mawe wa Mwakirunge, watu wa kujikata miguu na kuifunga kwa kitambaa cha shati, wakaja wiki ya pili kidonda kikinuka. Afisa alinifundisha kuvisha kidonda: kwanza maji ya chumvi, uondoe nyama iliyokufa mpaka uione nyekundu, ndipo ufunge shashi safi, na usibane kama unafunga mzigo. Alikuwa na msemo wake, "Jumwa, kidonda hakiombewi, kinaoshwa." Mimi ni mtu wa kanisa, nikaona amekufuru. Lakini nimeishi nikiosha na nikiomba, na nakiri kuosha kunatangulia.

Kituo changu cha mwisho, nilichokaa mpaka nikazeeka, kilikuwa Changamwe, kliniki ya sukari na presha. Mkubwa wetu alikuwa Matroni, mwanamke wa kutoka bara, mchapakazi, asiyecheka kabla ya saa nne. Sasa hapo mkojo umeachwa, tunatoboa kidole, tone la damu kwenye mashine, namba inatoka. Mashine haidanganyi. Wagonjwa ndio waliokuwa wakiidanganya. Siku mbili kabla ya kliniki walikuwa hawali kitu cha maana, ila majani machungu ya mchunga na maji, wakaja kwetu na namba za malaika. Wakitoka, pale pale langoni, palikuwa na mama muuza mahamri na mbaazi, na wateja wake wakubwa walikuwa hao malaika. Matroni alimfukuza yule mama mara kadhaa. Alirudi kila mara, na mimi sitasema ni nani aliyekuwa akimnong'oneza mama huyo kwamba Matroni ameenda chai.

Katika malaika hao alikuwamo Mzee Ngumbao. Ngumbao alikuwa mwendesha kreni bandarini, amestaafu, mkewe amekufa, anaishi na mwanawe Mikindani. Mwana alikuwa dereva wa malori ya masafa, wiki mbili hayupo. Kwa hiyo nyumbani walibaki wawili: mzee na Sidi, mke wa mwanawe, binti mwenye adabu zake.

Sukari ikikaa mwilini miaka mingi huua fahamu za miguu. Mtu anakanyaga msumari asijue, anaingia nao msikitini au kanisani, anatoka nao. Ndiyo maana mgonjwa wa sukari lazima akaguliwe nyayo kila siku. Na Ngumbao nyayo zake alikuwa hazioni. Alikuwa na kitambi, goti halikunjiki, na macho yameingia ukungu. Mtu aliyeinua makontena maisha yake yote hakuweza kuinua mguu wake mwenyewe auone.

Matroni alikuwa ameanzisha utaratibu mzuri: kila mgonjwa awe na msaidizi wa tiba, mtu wa nyumbani wa kumkumbusha dawa na kumkagua. Mimi nilikuwa likizo Kaloleni siku aliyomwandikia Ngumbao wake. Akauliza nani anakaa naye, akaambiwa Sidi, akamteua Sidi. Kwa mtu wa bara, neno limekwisha. Kwetu Wamijikenda, mkaza mwana na baba mkwe wanaoneana haya. Hawakai kitanda kimoja, hawatazamani usoni kwa muda, na habari ya kumshika mguu mkweo na kumchungulia vidole, hilo hata kulisema nashusha sauti. Wote wawili waliona aibu kumkatalia Matroni, wakaitikia.

Kila kliniki Sidi alileta ripoti, kichwa ameinamisha. "Nimekagua, Matroni. Sijaona kitu."

Niliporudi, nami nikaisikia ripoti hiyo mara mbili, nikaenda kuwatembelea nyumbani asubuhi, nione wanavyofanya. Nikapiga hodi, nikaingia, nikasimama mlangoni kama nimegandishwa. Katikati ya sebule palikuwa na pazia. Nyuma ya pazia alikaa Ngumbao, amenyoosha mguu mmoja ukatokeza chini ya kitambaa. Upande wa huku alichuchumaa Sidi, amegeuzia uso ukutani, macho ameyafumba, na kwa ncha ya kidole anaugusa mguu wa mkwewe, harakaharaka, utadhani anapima pasi kama imepata moto.

"Tayari, Baba," akasema.

"Ahsante, mwanangu," pazia likajibu.

Nilitaka kucheka, tena nilicheka, lakini kicheko kilinikatikia puani. Kuna harufu muuguzi haisahau. Nikalifungua pazia, nikapiga magoti. Chini ya unyayo, karibu na kidole kidogo, palikuwa na tundu la kuingia ncha ya kidole changu, na pembeni pameanza weusi. Sidi alikuwa hajasema uongo hata siku moja. Hakuona kitu kweli.

Daktari Msimamizi wa hapo Changamwe aliuangalia mguu siku ileile. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Kidole hiki kimekwenda," akasema. "Tutakitoa. Kisha mguu uoshwe na ukaguliwe kila siku bila kukosa. Weusi ukivuka kifundo, nakata chini ya goti."

Kidole kikatolewa. Ngumbao akarudi nyumbani, na hapo ndipo uliponishika moto mimi. Kwenda kwake kila siku siwezi, nina kliniki nzima. Sidi hapana. Muuguzi mwanamume alikwenda, mzee akamwambia hawezi kuvuliwa soksi na mtoto wa rika la wanawe. Mzee alikuja kliniki bandeji yenyewe imebadilika rangi, na Matroni alipomsihi avue kiatu alikunja mikono.

"Nikatwe," akasema. "Nitakwenda kwa Mungu na mguu mmoja na heshima yangu kamili."

Nilikasirika mpaka nikalibwaga faili lake mezani.

Ndipo mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamke mnene, kanga mbili, kikapu cha nazi kichwani, hakubisha hodi wala hakusalimu. Huyo alikuwa Kadzo, mdogo wa marehemu mkewe Ngumbao, muuza nazi wa soko la Changamwe. Sidi, kumbe, alishindwa kuvumilia, akamwendea sokoni akamlilia.

"Yuko wapi mzoga wangu?" akauliza. "Ah. Nimekufuata kwa pua."

Matroni akasimama. "Mama, hapa ni hospitali. Huwezi kumtukana mgonjwa."

"Simtukani, mwanangu, namsalimu. Ngumbao, nasikia unataka kukatwa mguu. Foleni ya nini? Panga la nazi ninalo hapa kikapuni. Weka juu ya meza tumalize, niwahi wateja."

Ngumbao akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikayaona meno yake. "Panga lako butu," akasema. "Ndiyo maana nazi zako zinaoza unazitazama."

Huyo ni mlamu wake. Mlamu, kwa asiyejua, ni ndugu wa mkeo au wa mumeo, na kwetu mlamu ni mtani. Ana ruhusa ya kukusema mbele za watu, kukunyang'anya tonge mkononi, na ukinuna, mwenye makosa ni wewe. Hakuna haya baina yenu, na kama kuna haya mnaitia sumu makusudi.

"Kiatu," Kadzo akasema.

"Sitaki."

"Ngumbao." Sauti ikashuka. Utani ukamtoka usoni, macho yakamjaa maji. "Dada yangu nilimzika mwili mzima. Wewe sitakuzika kwa mafungu, leo mguu, kesho goti. Vua."

Ngumbao akavua kiatu.

Matroni akanivuta kando. "Jumwa, huyu mwanamke ni nani wake?" Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akachukua kalamu, akalifuta jina la Sidi. Tangu siku ile hakumteua msaidizi wa mtu yeyote kabla hajauliza, "Nyumbani kwenu, nani anaruhusiwa kukusema?"

Nikamfundisha Kadzo yale niliyofundishwa Kisauni, maji ya chumvi, shashi, usibane. Kila alfajiri kabla ya soko alipita Mikindani. Majirani walizijua hatua za tiba kwa matusi. Akianza na kitambi, ndiyo kwanza anafungua bandeji. Akifika kwenye ukoo, anafunga. Mara moja alimkuta na kipande cha chupa kimezama kisiginoni, mzee hana habari, amekwenda nacho mpaka kinyozi. Alikitoa siku hiyohiyo, na kwa wiki nzima alikionyesha sokoni kwa kila aliyenunua nazi. Weusi haukuvuka kifundo. Nyama ikaja nyekundu, kisha ngozi. Daktari Msimamizi aliugeuza mguu huku na huku, akasema, "Vizuri," nami nikalia kwenye stoo ya dawa.

Sasa nimestaafu, na presha ninayo mwenyewe. Nilipoambiwa namba zangu sikuuliza habari ya vidonge, hivyo navijua. Nilikaa nikahesabu nani nyumbani anaweza kunisema. Mume wangu ananiogopa. Watoto wanasema, "Mama ni sista, anajua." Kujua hakumezi dawa. Nikampigia mlamu wangu aliye kule Rabai, mtu nisiyempenda hata kidogo, nikamwambia anipigie kila asubuhi. Hajakosa hata siku moja, na kila asubuhi nakata simu nimekasirika na nimemeza. Ukiugua, mdogo wangu, mtafute mtu wa namna hiyo mapema, kabla hujaanza kumhitaji.

Lakini ninapoikumbuka kazi, naikumbuka siku ya kuniaga. Matroni alisoma risala, tukala pilau, wagonjwa wangu wakala kuliko ilivyotakiwa. Kisha ikapigwa ngoma ya kwetu, na Ngumbao akainuka, akaingia uwanjani na viatu vyake vipana, mabega yanatikisika, akaanza kupiga miguu chini mpaka vumbi likapanda. Watu wakapiga vigelegele. Kadzo alikuwa kando yangu, sahani mkononi. Akaiweka chini, akapaza sauti akaishinda ngoma.

"Ngumbao, taratibu. Mguu huo ni wangu, wewe nimekuazima tu."

Naye, mbele za watu wote, akacheza taratibu.